Mkono wa Jirani: Jinsi Mama Zetu Walivyosaidiana tangu Siku za Soko la Nyangwe

Mtu akifa kijijini kwetu Wamaza, kabla jua halijapanda sana akina mama wamekwisha kufika. Mmoja ana mzigo wa kuni kichwani. Wa pili ana mtungi wa maji. Wa tatu amefunga mchele katika kitambaa, na mkononi ameshika majani ya sombe. Waume wao wafika baadaye, wakaa chini ya mwembe, wazungumza habari za kaburi. Halafu wanakula. Nasi tunaofundisha dini tumekula pamoja nao mara nyingi, tukanawa mikono, tukaenda zetu, bila kuuliza: chakula hiki kimetoka wapi, na desturi hii imefikaje kwetu?

Wasomaji wapenzi, leo tumependa kuuliza swali hilo. Tukisoma historia ya nchi yetu ya Kasongo na Kabambare, twakuta habari nyingi za wakubwa: Tippu Tip, Sefu mwanawe, Dhanis wa Wabelgiji, na wengine. Vitabu vyataja bunduki zao na pembe zao za ndovu. Lakini kila mara bunduki ziliponyamaza, walikuwako watu waliookota watoto wa wenzao, wakapanda mihogo tena, wakawasha moto katika nyumba zilizopoa. Hao ndio mama zetu. Habari zao hazikuandikwa sana. Hata hivyo zipo, nazo zina somo kwa Wakristu wa leo.

SOKO LA WANAWAKE

Tuanze Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, katika nchi ya Kasongo. Mwishoni mwa mwezi wa Machi 1871, alifika huko daktari David Livingstone, Mprotestanti toka Uskoti. Alikaa karibu miezi minne akitafuta mtumbwi wa kuvukia mto. Mtumbwi hakupata. Bali aliona soko, akaandika habari zake siku kwa siku.

Lilikuwa soko la wanawake. Walikuja kwa mamia, na siku nyingine kwa maelfu, wengine kwa miguu toka vijiji vya bara, wengine kwa mitumbwi toka ng'ambo ya mto. Watu wa mtoni walileta samaki na vyungu. Watu wa bara walileta mihogo, kuku, mafuta ya mawese na chumvi. Mwenye samaki alihitaji unga. Mwenye unga alihitaji chumvi. Hakuna aliyejitosheleza peke yake.

Tena Livingstone aliona jambo jingine lililompendeza. Hata vijiji viwili vilipokuwa vikipigana, wanawake waendao sokoni walipita katikati bila kuguswa. Wanaume walichomana mikuki, lakini mwanamke mwenye kikapu alipita. Hiyo ilikuwa sheria ya wazee, ingawa haikuandikwa. Basi, soko lile lilikuwa zaidi ya mahali pa biashara. Kwa njia hiyo mama aliweza kupata habari za binti yake aliyeolewa mbali, na kijiji chenye njaa kiliweza kupata chakula toka kijiji cha adui.

Tarehe 15 Julai 1871 sheria hiyo ilivunjwa. Watu wapata 1500 walikuwa sokoni siku hiyo. Walifika pia watu wa Dugumbe, mfanya biashara wa pwani, wakiwa na bunduki. Ugomvi ulianza juu ya bei ya kuku. Mara bunduki zikalia. Wanawake wakakimbilia mitumbwi yao, lakini ilisongamana katika mdomo wa kijito, nao wenye bunduki waliendelea kuwapiga. Wengi walijitupa mtoni wakijaribu kuogelea mpaka kisiwa cha mbali, mkondo ukawachukua. Wafanya biashara wenyewe walikisia kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Dugumbe alituma mtumbwi kuwaokoa waliokuwa majini, wakapata watu 21. Lakini mwanamke mmoja alikataa kupanda, kwa maana aliogopa kufanywa mtumwa.

Tumfikirie mama huyo. Yumo majini, mkono umenyoshwa kumwokoa, naye hawezi kuuamini. Ndivyo ilivyo heshima ikivunjika: hata msaada huonekana kama mtego.

Livingstone aliondoka Nyangwe siku chache baadaye, akarudi Ujiji. Habari aliyoiandika ilifika Uingereza, ikawachoma watu wengi moyo, na mwaka wa 1873 Sultani wa Zanzibar alilazimishwa kufunga soko la watumwa. Lakini je, wanawake wa Nyangwe walifanya nini? Walirudi sokoni. Mwingereza Cameron alipopita Nyangwe mwaka wa 1874, aliwakuta wamejaa tena na vikapu vyao. Si kwa kuwa walisahau wafu wao. Walirudi kwa sababu watoto walipaswa kula, na hapakuwa na njia nyingine ila kupeana.

Hapo twaona mambo mawili, nayo yatatufuata katika historia yetu yote. La kwanza: mkono wa wanawake wa kusaidiana ni mgumu kukatika. La pili: peke yake hauwezi kuzuia bunduki. Soko lilikuwa salama kadiri wanaume walivyoiheshimu sheria. Walipoacha kuiheshimu, undugu wa wanawake haukutosha kuwaokoa.

DADA ALIYEPOTEA NA MWANAMKE WA BWAMI

Tippu Tip mwenyewe alitueleza, bila kukusudia, jinsi jina la mwanamke lilivyokuwa na nguvu. Katika habari za maisha yake, alizozisimulia kwa Kiswahili, asema kwamba alimwendea mzee Kasongo Rushie, mtawala wa Utetera. Mzee huyo alikuwa na uchungu kwa sababu zamani dada zake walitekwa vitani. Tippu Tip akamwambia: mmoja wa dada zako ndiye bibi yangu. Mzee aliamini, akafurahi, akampa utawala. Kumbe udugu wa dada aliyepotea ulitosha kumpa mgeni nchi nzima! Lakini dada mwenyewe hakupata kitu. Mwanamume alipita juu ya daraja la mwanamke, akafika alikotaka.

Lakini tusiseme kwamba wazee wetu wote hawakujua kumheshimu mwanamke. Kaskazini yetu, kwa Walega, kulikuwa na chama cha Bwami. Mwanamume alipanda daraja kwa daraja, na mke wake alikuwa na madaraja yake. La juu kabisa la wanawake liliitwa bunyamwa. Mwanamke aliyefikia daraja hilo alikaa katika baraza kwa heshima, na ndoa yake haikuvunjwa. Ni kweli, hakuweza kupanda bila mumewe. Walakini heshima yake ilikuwa na mashahidi. Haikukaa moyoni mwa mume tu. Serikali ya Wabelgiji ilikataza Bwami mwaka wa 1948. Sisi Wakristu hatufuati ibada zile. Lakini jambo hili moja yafaa tulikumbuke: heshima ya mke haidumu kama haijulikani mbele ya watu.

PAMBA YA BULA MATARI

Mwaka wa 1893 askari wa Dhanis waliteka Nyangwe mwezi wa Machi, na Kasongo mwezi wa Aprili. Kabambare ilitekwa mwanzo wa 1894. Watu walisema utumwa umekwisha. Lakini wanawake wengi waliokuwa mateka walibadilishiwa bwana tu, toka nyumba ya mngwana mpaka kambi ya askari.

Kisha ikaja pamba. Maniema ilikuwa kati ya nchi za kwanza za Kongo kujaribiwa kilimo hicho, na mwaka wa 1917 Serikali ilikifanya kuwa cha lazima. Sheria ya 1933 iliamuru siku 60 za kazi kwa mwaka. Wakati wa vita kuu ya pili, mwaka wa 1942, zikafanywa 120. Katika daftari liliandikwa jina la mwanamume. Yeye ndiye aliyetozwa kodi, naye ndiye aliyefungwa au kupigwa fimbo kama shamba lilikuwa baya. Lakini ni nani aliyepanda, aliyepalilia, aliyechuma nyuzi zile nyeupe moja moja na kuzibeba mpaka soko la pamba? Mara nyingi ni mke na watoto wake. Siku ya malipo, fedha iliwekwa katika mkono wa mume.

Pamba haiungojei muhogo, wala muhogo hauingojei pamba. Magugu huota katika mashamba yote mawili siku moja. Ndipo akina mama walipozidi kulimiana kwa zamu. Leo kwako, kesho kwangu. Mwenye mimba alilimiwa; mwenye mtoto mgonjwa alilimiwa; naye alirudisha siku alipopata nguvu. Bila zamu hiyo, pamba ya kampuni ingalipatikana kwa njaa ya watoto.

Nasi tuseme kweli juu ya upande wetu pia. Mapadri Weupe na Masista walifanya mengi mema katika nchi yetu: walinunua watoto toka utumwani, wakajenga shule na zahanati. Kasongo ikawa Vikarieti mwaka wa 1952, na Jimbo mwaka wa 1959. Lakini katika Kongo yote ya siku zile, shule za wavulana zilitangulia sana. Mvulana alifundishwa kuwa mwalimu au karani. Msichana alifundishwa kushona na kupika. Mwaka wa 1960, nchi ilipopata uhuru, hapakuwa na mwanamke Mkongo hata mmoja mwenye shahada ya chuo kikuu. Wa kwanza, Sophie Kanza, aliipata mwaka wa 1964. Kwa hiyo, mama wengi wa vijiji vyetu walibaki na mikono yenye kazi, lakini bila kalamu. Tutaona hasara yake.

SIKU ZA VITA

Mwaka wa 1964 Simba walifika. Toka 1998 mpaka 2003 ikawa vita nyingine, mbaya zaidi. Waasi wenye serikali yao Goma walishika miji. Mai-Mai walishika mwitu na njia. Reli ya Kindu ilikufa, nayo haikufufuka mpaka 2004. Mume aliogopa kwenda shambani kwa kuwa angalidhaniwa kuwa askari wa upande wa pili. Basi mke alikwenda. Huko shambani wengi walitendewa vibaya na watu wenye bunduki, wa kila upande. Waliporudi wakilia, waume wengine waliwafukuza.

Nani aliyewapokea? Mama mwenzao. Alifungua mlango, akapasha maji moto, hakuuliza maneno mengi. Alimlaza karibu na watoto wake, akamwambia asubuhi: twende tukalime. Walianza kwenda shambani kumi kumi, hawakutembea peke yao. Twaona tena ile sheria ya soko la Nyangwe, ila mara hii wanawake waliilinda wenyewe kwa wingi wao, maana wanaume walikuwa wameivunja.

LIKIRIMBA NA SHIRIKA

Leo msaada huo una majina mengine. Kuna likirimba: akina mama kumi au kumi na wawili hukutana kila juma, kila mmoja atoa kiasi kilekile cha fedha au kikombe cha mchele, na wote wampa mmoja kwa zamu. Huyo anunua mbuzi, au alipa shule, au anunua chumvi ya kuuza. Kuna pia vikundi vya sanduku, ambavyo akiba huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali. Namna hiyo ilianza Maradi, nchini Niger, mwaka wa 1991, ikaenea Afrika, mpaka kwetu Kongo. Mbali zaidi, katika nchi ya Watamil kusini mwa India, wanawake wa vijiji vya Dharmapuri walianza toka 1989 kuunganishwa katika vikundi vya akiba vinavyofanana na hivyo. Kumbe maskini wa mataifa yote wamejifunza jambo lilelile: kidogo cha mmoja hakitoshi, kidogo cha wengi chaweza kununua mbuzi.

Na tunayo Shirika, jumuiya ndogo ya Wakristu jirani. Maaskofu wa Kongo waliichagua njia ya jumuiya hizo mwaka wa 1961. Tukihesabu wanaokuja kusali, wengi ni akina mama. Tukihesabu wanaokwenda kumwona mgonjwa, karibu wote ni akina mama. Tukihesabu wanaosema siku ya kugawa mali ya marehemu, hao hatuwaoni tena.

MJANE NA MABATI

Hapo ndipo tulipotaka kufika. Tumemwona mjane mmoja, jina lake tusilitaje. Mumewe alipokufa, akina mama wa Shirika walileta kuni na maji majuma mawili. Walipika, walifua nguo za watoto, walilala naye chini. Ulikuwa upendo wa kweli. Lakini siku ya kumaliza matanga, mashemeji walifika na ngazi, wakaanza kung'oa mabati ya nyumba. Walisema: mali ni ya ukoo wetu. Wakaonyesha karatasi. Mjane hakuweza kuisoma. Akina mama ishirini walikuwapo uani na vyungu vyao. Hakuna hata mmoja aliyeitwa kusema. Nasi wanaume wa Shirika tulikuwa chini ya mwembe. Tulitazama chini.

Je, si Nyangwe tena? Mikono mingi ya kusaidia, lakini hakuna aliyeilinda.

Wengine wasema: hiyo ndiyo desturi. Lakini yatupasa kujua kwamba sheria ya nchi yasema vingine. Kitabu cha sheria za jamaa cha tarehe 1 Agosti 1987 kiliwapa watoto wote wa marehemu, wa kike na wa kiume, nafasi ya kwanza katika urithi. Nacho kilimpa mjane haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi na mumewe na kutumia vyombo vyake, pamoja na nusu ya matumizi ya shamba lililo karibu na nyumba ambalo mume alililima mwenyewe. Kweli, kitabu hichohicho kilikuwa na upungufu: mke alihitaji ruhusa ya mumewe ili kufanya mapatano au kwenda mbele ya hakimu. Sharti hilo liliondolewa na sheria mpya ya 2016. Nayo ilitiwa sahihi tarehe gani? Tarehe 15 Julai, siku ileile ya mauaji ya Nyangwe, baada ya miaka 145. Hatusemi kwamba waliofanya sheria walilifikiria hilo. Lakini sisi watu wa nchi hii twaweza kulikumbuka.

Walakini sheria iliyo katika kabati haimsaidii mtu. Ndoa nyingi za kwetu zimefungwa mbele ya jamaa kwa mahari, nyingine pia mbele ya Padre kanisani, lakini hazikuandikwa katika ofisi ya sekta, mbele ya afisa wa etasivili. Mume akifa, mjane hana cha kuonyesha. Basi mambo matatu yatupasa.

La kwanza, kila mume Mkristu aandikishe ndoa yake angali hai, na watoto wake wote. Asiseme: ndugu zangu ni wema. Hata mashemeji wale walikuwa wema mpaka siku ya mabati.

La pili, binti zetu wasome. Kalamu aliyonyimwa bibi asinyimwe mjukuu. Katika likirimba na katika Shirika awepo mama anayejua kusoma karatasi na kuandika hesabu.

La tatu, na hili ni letu wanaume: tusikae chini ya mwembe. Njia zikiwa mbaya na mama akishindwa kuzaa, twajua kubeba tipoi usiku kucha mpaka hospitali. Hakuna asemaye kwamba hiyo ni kazi ya wanawake. Basi na siku ya kugawa mali tusimame vivyo hivyo. Wakubwa wa Shirika wahudhurie, na akina mama waliomwuguza marehemu waitwe kusema waliyoyaona na kuyasikia.

Kanisa lilipokuwa changa kule Yeruzalemu, manung'uniko ya kwanza ya waamini yalihusu wajane waliosahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakusema: ni jambo la wanawake. Waliita mkutano, wakachagua watu saba wenye sifa njema, wakawapa kazi hiyo. Ndivyo mashemasi walivyoanza, kwa ajili ya sahani ya mjane.

Wasomaji wapenzi, mama zetu walirudi sokoni baada ya Nyangwe. Walilima baada ya pamba. Walifungua milango baada ya vita. Hatuna haja ya kuwafundisha kusaidiana; wao ndio waalimu wetu. Wanalongoja ni sisi tuilinde ile njia waliyopita salama zamani, mwanamke na kikapu chake, katikati ya watu wanaogombana. Mara nyingine tutakapokula katika matanga, tusiondoke kabla ya kumwuliza mjane: nyumba yako iko salama? Na akisema siyo, tusimwache.